Apolo Kivebulaya na Kibali cha Mungu



Neno kibali lina maana mbili hapa makazini. Kuna kibali chenye muhuri, kile tunachokipangia foleni ofisini tangu alfajiri. Na kuna kibali tunachokiomba katika mikesha, yaani fadhili za Mungu juu ya maisha yetu. Siku hizi tumeanza kuvichanganya. Jina la ndugu likitokea kwenye orodha ya wanaosafiri kwenda ng'ambo, twasema huyo amepata kibali. Lisipotokea, mama anarudi nyumbani kimya na kuanza kujiuliza ni dhambi gani aliyotenda. Kwa sababu hiyo tumeona vema mwezi huu tuandike habari za Apolo Kivebulaya, ambaye wenzetu waliotoka Ituri wamesikia jina lake tangu utoto.

Alizaliwa Buganda karibu na mwaka 1864. Alikuwa pacha, akaitwa Waswa kama Waganda wanavyomwita pacha wa kiume atanguliaye kuzaliwa. Katika ujana wake alifuata Uislamu kwa muda, tena akawa askari katika vita vya dini vilivyoitikisa Buganda tangu 1888. Lakini alikuwa amesikia mafundisho ya mmisionari Alexander Mackay, na mbegu ile haikufa. Alibatizwa Januari 1895, mtu mzima wa miaka thelathini hivi, akachukua jina la Apolo. Kivebulaya ni jina la utani tu: alizoea kuvaa koti jekundu juu ya kanzu, basi watu wakamwita kitu kilichotoka Ulaya.

Mwaka ule ule alitumwa Toro kufundisha Injili. Mwishoni mwa 1896 aliendelea mbele zaidi, akashuka bonde la mto Semliki na kupanda upande wa pili hadi Mboga, ambayo leo tunaiandika Boga. Tuone jambo hili. Yeye alivuka kwenda huko tulikotoka sisi, nasi tumevuka kuja huku alikozaliwa yeye.

Kabla yake walikuwako walimu wawili Waganda. Chifu Tabaro aliwakubali mwanzoni, kisha alipoona mafundisho yao yanagusa pombe na wingi wa wake, akawanyima chakula mpaka wakaondoka. Apolo alijua habari hizo. Kwa hiyo alikwenda na jembe. Alilima mwenyewe, akala jasho lake, na chifu akakosa njaa ya kumfukuzia. Sisi tunaosubiri mgao tunaelewa maana yake kuliko wasomaji wengine. Mara nyingi twadhani neema ni kitu cha madhabahuni, chenye kelele na kuanguka chini. Kwa Apolo neema ilianza na shamba la chakula, asubuhi, kabla ya darasa la kusoma.

Hata hivyo taabu haikumwacha. Alipigwa, na nyumba yake ikachomwa moto. Kisha likatokea jambo baya zaidi. Katika shughuli za ujenzi, dada yake chifu alianguka juu ya mkuki wa Apolo, akafa. Ilikuwa ajali, lakini alishtakiwa kuwa ameua. Wakamtia minyororo, wakamrudisha ng'ambo ya Semliki hadi gerezani Toro. Mtu aliyeacha kwao kwa ajili ya Injili, kabatizwa miaka michache tu nyuma, sasa anaitwa mwuaji.

Tukipima kibali kwa kipimo chetu cha siku hizi, tungesema Apolo amekosa. Pengine wengine wangemwita kwenye maombi ya kufunguliwa laana. Lakini katika siku zile za mateso alipata maono, akayasimulia hata uzeeni. Kristo alimtokea akiangaza kama jua, akamtia moyo na kumwambia kwamba yuko pamoja naye. Hakuahidiwa fedha wala cheo. Tukisoma Mwanzo sura ya 39 twaona jambo lile lile kwa Yusufu: Biblia inasema alipata kibali machoni pa mkuu wa gereza, na bado alikuwa ndani ya gereza. Mlango ulifunguliwa baadaye sana. Kibali kilitangulia.

Hatusemi kwamba minyororo ni mizuri. Apolo alipoonekana hana hatia aliachiliwa, na kufunguliwa kwake nako kulikuwa fadhili ya Mungu. Ndugu zetu wanaopata safari tunawaombea baraka na wala hatuwaonei wivu (au tunajitahidi tusiwaonee). Tunachokataa ni ile hesabu inayomwambia aliyebaki kwamba Mungu amempita.

Apolo alirudi Mboga ile ile. Baadaye Tabaro mwenyewe aliamini. Mwaka 1903 Apolo akawekewa mikono kuwa kasisi, na 1922 akafanywa kanoni wa Namirembe. Mke wake alikuwa amefariki mapema, wala hakuoa tena. Nyumba yake ilijaa vijana aliowalea. Waingereza na Wabelgiji walipoweka mpaka wao, Mboga iliangukia upande wa Kongo, naye Apolo, Mganda mwenye umri mkubwa, akachagua kumalizia miaka yake huko. Katika miaka ya 1920 aliingia msituni kwa Wambuti, watu ambao majirani waliwadharau hata kuwahesabu kama si watu kamili. Alikaa nao, akawafundisha na kuwabatiza, na Injili ya Marko akaifasiri kwa lugha yao. Alikuwa amekwisha kupita miaka hamsini na mitano. Sisi wa arobaini tunalalamika magoti.

Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933. Aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, kwenye msitu na Kongo, kinyume cha desturi, kwa kuwa Injili ilikuwa bado na safari upande huo. Kazi yake ndiyo chimbuko la Kanisa la Anglikana la Kongo: mwaka 1972 Boga ikawa makao ya dayosisi, na mwaka 1992 Kanisa hilo likawa jimbo linalojitegemea.

Kila tarehe 30 Mei Waanglikana humkumbuka. Mwaka 2021, katika siku zizo hizo, Boga na Tchabi zilishambuliwa usiku, watu wengi wakauawa na wengine wakakimbia na watoto mgongoni. Baadhi ya waliokulia karibu na kaburi lake tunaketi nao benchi moja siku ya Jumapili. Ukiwauliza, watakueleza lilipo, na jinsi kichwa kilivyoelekezwa.