Edison wa taa alivyohangaika miaka kumi na betri ya gari

UKISHUKA kwenye jeti ya Lamu, punda watakupokea kabla ya binadamu. Vichochoro vya Mkomani na Langoni ni vyembamba mno kwa gari, na kwa karne nyingi mchanga, mawe na magunia ya unga vimepita humo kwa mgongo wa punda. Ukitaka kwenda Mokowe, Shela au kuvuka hadi Pate, unapanda boti, na boti hunywa petroli. Petroli ikipanda bei, kila kitu kisiwani kinapanda nayo. Ndiyo maana vijana wa visiwani wakitazama kwenye simu zao pikipiki za umeme zikipita kimya barabarani Nairobi, swali halikawii: mbona injini ya boti isiwe hivyo?

Jibu lote limo ndani ya betri. Je, itamaliza safari? Itastahimili mtikisiko wa mawimbi? Itadumu miaka mingapi, na nani ataimudu bei yake? Maswali haya haya yalimnyima usingizi jamaa mmoja zaidi ya miaka 100 iliyopita. Jina lake unalijua, ila unalijua kwa taa. Ni Thomas Alva Edison.

Hadithi ya taa imesimuliwa hadi ikachakaa. Ya betri husimuliwa kwa nadra, pengine kwa sababu haimalizikii kwa vigelegele. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo inayomwonyesha Edison halisi.

Alizaliwa Februari 11, 1847 katika mji mdogo wa Milan, jimbo la Ohio, Marekani, akakulia Port Huron huko Michigan. Shule aliionja tu. Mamake, aliyewahi kuwa mwalimu, ndiye aliyemfunza nyumbani. Bado kijana mdogo, alianza kuchuuza magazeti na peremende ndani ya treni ya kwenda Detroit. Masikio yake yalianza kufifia tangu utotoni, na maisha yake yote alisikia kwa shida.

Mwaka 1862 alimnyakua mtoto wa mkuu wa kituo cha reli kutoka mbele ya behewa lililokuwa likija. Baba wa mtoto akamshukuru kwa kumfunza telegrafu, ule ufundi wa kutuma ujumbe kwa waya. Hapa ndipo betri inapoingia. Siku hizo hakukuwa na stima ya kuchomeka ukutani. Telegrafu iliendeshwa na mitungi yenye kemikali na vipande vya metali, yaani betri, na fundi alipaswa kuijua tabia yake. Edison alijua betri kabla hajaota taa.

Pia ilimfukuzisha kazi. Mnamo 1867, akiwa zamu ya usiku mjini Louisville, alikuwa akifanya majaribio yake ya pembeni pale asidi ilipomwagika sakafuni. Ikapenya mbao na kudondoka kwenye ofisi ya mkubwa wake, chumba cha chini. Kesho yake kijana hakuwa na kazi.

Miaka iliyofuata unaijua, kwa hivyo tuipite mbio. Maabara ya Menlo Park, 1876. Mashine ya kunasa sauti, 1877. Taa, 1879. Kituo cha kusambaza umeme katika mtaa wa Pearl, New York, 1882. Alikusanya hataza 1,093 za Marekani kwa jina lake, ingawa nyingi zilitokana na jasho la vijana aliowaajiri maabara. Na hakuwa malaika. Aling'ang'ania umeme wa mkondo mmoja na kuupiga vita ule wa mkondo geu uliokuwa ukiuzwa na George Westinghouse, vita ambavyo alishindwa. Ndio huo mkondo geu unaochaji simu yako leo.

Kufikia 1899 alikuwa na miaka 52, na mfuko umetoboka. Miaka ya 1890 alikuwa amezamisha mamilioni ya dola katika mradi wa kusaga mawe ya New Jersey ili kupata madini ya chuma, na mradi ukafa. Mtu mwingine angestaafu. Yeye alianza betri.

Kwa nini betri? Itazame New York ya wakati ule kama unavyoitazama Lamu. Kila kitu kilivutwa na mnyama. Mji ulikuwa na farasi zaidi ya 100,000, na samadi yake ilijaa barabarani. Mwenyeji wa Lamu hahitaji kuelezwa harufu hiyo. Magari yalikuwa yameanza kuonekana, na usidhani yote yalikuwa ya petroli. Mwaka 1900 viwanda vya Marekani viliunda magari 4,192, na kati ya hayo 1,575 yalikuwa ya umeme. Ya petroli yalikuwa 936 tu. Yaliyosalia yalienda kwa mvuke.

Gari la umeme lilipendwa kwa sababu halikutoa moshi, halikunguruma, wala halikuhitaji kuzungushwa kwa mkono wa chuma lianze, mkono ambao uliweza kukuvunja kifundo. Tatizo lilikuwa betri yake. Ilikuwa ya vibao vya risasi ndani ya asidi, nzito kama farumi ya jahazi. Mtikisiko wa barabara uliivunjavunja, na ukiiacha imeisha chaji kwa muda, inaharibika. Edison alitaka betri nyepesi zaidi, isiyotumia asidi wala risasi, ya kumfaa mwenye mkokoteni wa kusambaza bidhaa. Kwa maneno mengine, alitaka kumstaafisha farasi wa mizigo.

Baada ya kujaribu metali nyingi, alitulia kwenye chuma upande mmoja na nikeli upande wa pili, ndani ya maji ya potashi badala ya asidi. Hakuwa peke yake. Huko Sweden, Waldemar Jungner alikuwa ameshafika njia hiyo hiyo, na wawili hao wakaishia kuvutana kuhusu hataza. Edison alikuwa na pesa na mawakili. Jungner hakuwa na uwezo huo. Ukisoma popote kwamba Edison ndiye peke yake aliyebuni betri hii, jua kuna Mswidi aliyerukwa.

Kosa kubwa la Edison lilikuwa mdomo. Alianzisha kampuni ya betri mwaka 1901 na kuwaambia waandishi wa habari kwamba shida za gari la umeme zimekwisha. Betri zilipoingia sokoni, zikaanza kuvuja kwenye viungio. Nyingine zilipungua nguvu baada ya muda, na hakuna aliyejua sababu. Wapinzani wakacheka.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kinachonifanya nimvulie kofia. Alisimamisha uzalishaji, akazichukua betri mbovu na kuwarudishia wateja pesa zao. Kisha akarudi maabara, akakaa huko hadi 1909. Hesabu ya majaribio husimuliwa kwa maelfu, na kila msimulizi huongeza lake. Lililo wazi ni kwamba kazi iliyodhaniwa ya mwaka mmoja au miwili ilimla mwongo mzima.

Ugonjwa ulipatikana upande wa nikeli. Kemikali ya nikeli haipitishi umeme vizuri, kwa hivyo alikuwa ameichanganya na grafiti, ile nyeusi ya kalamu za risasi. Betri ilipokuwa ikifanya kazi, grafiti iliharibika polepole na njia ya umeme ikaziba. Dawa yake ilikuwa ya kifundi hasa. Alipaka tabaka la shaba, juu yake la nikeli, tena shaba, tena nikeli, kisha akaiyeyusha shaba yote. Kilichobaki ni magamba ya nikeli membamba kuliko karatasi. Hayo akayashindilia kwenye vijibomba vya chuma vyenye vitundu, gamba na kemikali, gamba na kemikali, mamia ya tabaka ndani ya kijibomba kimoja. Betri haikufifia tena.

Halafu akatia lithiamu. Ndiyo, lithiamu hii hii unayoisikia kila siku. Aligundua kwamba ukichanganya haidroksidi ya lithiamu kidogo kwenye yale maji ya potashi, betri hubeba chaji zaidi na kudumu zaidi. Kwa nini iwe hivyo, hakuweza kueleza vizuri. Aliona inafanya kazi, akaiombea hataza mnamo 1907. Tusichanganye mambo lakini. Kwake lithiamu ilikuwa kiungo tu, kama chumvi kwenye mchuzi. Katika betri za leo, lithiamu yenyewe ndiyo inayosafiri kutoka upande mmoja hadi mwingine kubeba chaji.

Betri mpya ilijaribiwa bila huruma. Ilirushwa kutoka madirisha ya ghorofani. Ilifungwa kwenye magari yaliyopitishwa kwenye barabara mbovu maili kwa maili. Mwaka 1910 gari la Detroit Electric lenye betri ya Edison lilikwenda maili 211 kwa chaji moja, ambazo ni kama kilomita 340. Ndiyo, walikuwa wakiliendesha kwa upole, na hakuna mteja ambaye angelikimbiza hivyo. Hata hivyo, kwa 1910 ulikuwa umbali wa kutisha.

Ahadi ilikuwa imetimizwa. Lakini soko halikumngoja.

Mwaka 1896, katika mkutano mmoja New York, Edison alikutana na mhandisi kijana aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya umeme ya Edison mjini Detroit. Kijana akamchorea injini ya petroli aliyokuwa akiiunda nyumbani, na mzee akamtia moyo asiiache. Kijana huyo alikuwa Henry Ford. Mwaka 1908 Ford alitoa gari la Model T kwa dola 850, na kufikia 1916 bei ilikuwa chini ya dola 400. Betri ya Edison ilikuwa ghali kuliko ya risasi, na gari lililoibeba likawa la matajiri. Kisha mwaka 1912 Cadillac ikaleta magari yanayojiwasha kwa umeme, kazi ya Charles Kettering. Ule mkono wa chuma wa kuvunja vifundo ukaisha, na sababu kubwa ya kununua gari la umeme ikaisha nao. Kejeli ni kwamba kilichoimaliza betri ya Edison ni betri ya risasi, ikiwa imekaa ndani ya gari la petroli. Hata kazi hiyo ndogo ya kuwasha injini, betri ya Edison haikuiweza: haikutoa nguvu nyingi kwa mpigo mmoja, hasa wakati wa baridi.

Ford na Edison walikuwa marafiki wakubwa, na mwaka 1914 Ford alitangaza kwamba wanaandaa gari la umeme la bei nafuu. Halikuingia sokoni. Mkewe Ford, Clara, aliendelea kuendesha Detroit Electric yake.

Betri ilipata riziki kwingine: taa za wachimba migodi, ishara za reli, malori ya mizigo ya mjini. Ilikuwa na hatari yake pia. Ikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na Januari 1916 gesi hiyo ililipuka ndani ya nyambizi ya E-2 bandarini Brooklyn, ikaua mabaharia. Yeyote anayefikiria kufungia betri kwenye boti yenye sitaha iliyozibwa anafaa kukijua kisa hicho, maana kila aina ya betri ina namna yake ya kukasirika.

Tukirudi Lamu, hali si ile ya Edison. Betri za lithiamu zilizotokana na kazi ya akina Stanley Whittingham, John Goodenough na Akira Yoshino, walioshinda Nobel ya kemia mwaka 2019, hubeba nishati mara kadhaa zaidi kwa kila kilo kuliko ile ya chuma na nikeli. Aina moja, iliyotoka kwa kikundi cha Goodenough huko Texas miaka ya 1990, hutumia lithiamu, chuma na fosfeti. Si nyepesi kupita zote, lakini ni ngumu kushika moto na huvumilia kuchajiwa maelfu ya mara, ndiyo maana imepata nafasi kwenye pikipiki na mabasi ya umeme. Chuma na lithiamu vimekutana tena, kwa mpangilio mwingine.

Kwa boti ya kutoka Mokowe hadi Lamu, safari fupi inayorudiwa siku nzima na yenye jeti pande zote mbili za kuchajia, hesabu inaanza kuingia akilini. Kwa safari ya Kizingitini na kuendelea, bado petroli ina nguvu, na kilo kwa kilo inaiacha betri mbali sana. Tena maji ya chumvi hula nyaya na viungio hata mafundi wawe hodari vipi. Na bei ya kununua betri mara ya kwanza, lile jiwe lililomkwaa Edison, bado liko njiani: mwenye boti hununua petroli kidogo kidogo kwa pesa za leo, lakini betri hutaka pesa za miaka mitano siku moja.

Edison alifariki Oktoba 18, 1931 nyumbani kwake West Orange, New Jersey, akiwa na miaka 84. Siku tatu baadaye, usiku wa mazishi yake, Rais Herbert Hoover aliwaomba Wamarekani wazime taa kwa dakika moja. Kiwanda kiliendelea kutengeneza betri zake za chuma na nikeli, bila makelele, hadi 1975.