Padre António de Andrade: kanzu nyeusi mzigoni

Safari hii tunamkumbuka Mjesuiti mmoja wa Ureno ambaye wengi wetu tumesikia habari zake kwa juu juu tu. António de Andrade alizaliwa Oleiros mwaka 1580, akaingia Shirika la Yesu mwaka 1596, na miaka minne baadaye akapanda meli kwenda Goa, Uhindi. Mwaka 1624 alikuwa mjini Agra, mkuu wa misioni katika dola ya Kaizari Jahangir.

Siku nyingi Wajesuiti walikuwa wakisikia uvumi kwamba nyuma ya milima ya Himalaya kuna Wakristo waliosahaulika. Andrade aliamua kwenda kuwatafuta. Maandalizi yake, tukisema kweli, yalikuwa haba. Aliondoka Agra tarehe 30 Machi 1624, mkesha wa Dominika ya Matawi, pamoja na Bruda Manuel Marques na watumishi wawili Wakristo. Walipofika Delhi walijiunga na msafara wa mahujaji Wahindu waliokuwa wakienda hekalu la Badrinath. Walivaa kama mahujaji hao, na kanzu zao wakazificha mzigoni.

Mzigo huo ndio uliowaponza. Huko Srinagar ya Garhwal walikamatwa na kuhojiwa. Andrade alisema yeye ni Mreno anayekwenda Tibet kumtazama ndugu yake. Walipopekua mizigo na kukuta kanzu nyeusi, akaeleza kwamba ni nguo za msiba, endapo atamkuta ndugu yake amekufa. Tulipolisoma jambo hili tulibishana sana. Wapo kati yetu wanaosema aliwafikiria wale Wakristo, ambao kweli ni ndugu. Wengine tunaona padre alidanganya, na kwamba nia njema haibadilishi jina la tendo. Hata hivyo aliachiwa akaendelea.

Katika kijiji cha Mana, cha mwisho kabla ya mpaka, mtawala wa Srinagar alikataza asipite. Andrade alimwacha Bruda Marques pale, akatoroka na wale watumishi wawili na kiongozi mmoja wa njia. Wajumbe wa mtawala wakawafuata. Kiongozi akaogopa, akarudi. Hao watatu wakapanda peke yao, kabla theluji haijayeyuka, kwenye njia iliyo juu ya meta 5,000. Theluji iliwafika kiunoni. Chakula chao kilikuwa unga wa shayiri iliyokaangwa, uliokorogwa kwa maji. Miguu ilikufa ganzi, na Andrade alikatikiwa na kipande cha kidole asisikie maumivu. Damu ndiyo iliyomjulisha. Mng'ao wa theluji ukamharibu macho, hata kwa siku nyingi hakuweza kusoma brevia yake. Ilibidi wageuke.

Wakaungana tena na Bruda Marques, wakangoja theluji ipungue. Safari hii ruhusa iliombwa kwanza: mfalme wa Guge alituma watu na farasi kuwapokea, na mwanzoni mwa Agosti wakaingia Tsaparang. Wakristo waliosahaulika hawakuwako. Walikuta Wabudha, malama wao, na mfalme aliyewasikiliza kwa hamu na kumtaka padre arudi mwakani. Novemba Andrade alikuwa tena Agra akiandika taarifa yake, iliyochapishwa Lisbon mwaka 1626.

Aliahidi kurudi, na mwaka 1625 akarudi. Pasaka ya 1626, tarehe 12 Aprili, mfalme mwenyewe aliweka jiwe la msingi la kanisa. Kanisa halikudumu: mwaka 1630 mfalme alipinduliwa, na waamini wachache wakatawanyika. Andrade wakati huo alikuwa ameitwa Goa, na huko alikufa kwa sumu tarehe 19 Machi 1634, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu.

Bruda Marques, yule aliyeachwa Mana, alipanda tena milima hiyo mwaka 1640. Alikamatwa huko Tibet, na hakurudi.