Bibi Margaret Trowell

Huko Oldonyo Sambu, nyuma ya mlima Meru, mtoto achungaye mbuzi huokota kijiti, akachuchumaa, akachora mavumbini. Aliye mdogo kabisa hukwaruza tu huku na huku, akifurahia alama za mkono wake. Akifika miaka minne au mitano huchora duara, akalitia macho, na chini yake miguu miwili. Huyo ndiye mama yake. Akiwa wa miaka saba au minane hupiga mstari wa ardhi, akasimamisha ng'ombe na watu juu yake, na yule ampendaye humfanya mkubwa kuliko nyumba. Hata akitimiza miaka kumi au kumi na miwili, huitazama picha yake akaona haifanani na ng'ombe aliye mbele yake. Ndipo huona haya, akaifuta kwa mguu, na mara nyingi hachori tena.

Yampasa mwalimu kuzijua hatua hizo zote, asimharakishe mdogo, wala asimwache mkubwa akate tamaa. Hii ni habari ya mwalimu aliyewakuta vijana waliokwisha kuiacha kalamu ya utoto, akawarudishia.

Margaret Sifton alizaliwa London mwaka wa 1904. Alijifunza uchoraji katika shule kubwa ya sanaa iitwayo Slade, kisha akajifunza ualimu. Siku zile mtoto wa shule aliwekewa kikombe au sanduku mbele yake, akaambiwa akiige mstari kwa mstari. Lakini mwalimu wake Margaret, Bibi Marion Richardson, alikuwa na njia nyingine. Aliwaambia watoto wafumbe macho, akawasimulia habari ya mahali fulani, hata kila mmoja akaona picha moyoni mwake. Ndipo wakafumbua macho wakaichora. Naye hakuwa peke yake. Huko Vienna, Franz Cižek alifungua darasa la watoto mwaka wa 1897, maana alitambua kuwa picha ya mtoto ina uzuri wake yenyewe, wala si kazi ya mtu mzima iliyoharibika.

Margaret akaolewa na daktari, Hugh Trowell, yule aliyekuja kujulikana kwa kuuchunguza ugonjwa wa watoto uitwao kwashiorkor. Mwaka wa 1929 wakaja Kenya, wakakaa Machakos. Huko Bibi Trowell aliwatazama Wakamba katika kazi zao za mikono, akajifunza mengi. Mwaka wa 1935 mumewe akahamishiwa Kampala, katika nchi ya Uganda, nao wakahamia huko.

Wakati ule watu wengi walisema kwamba Mwafrika aweza kufuma na kufinyanga, lakini kuchora picha si kazi yake. Wengine walisema kwamba uchoraji ni mchezo, haumpatii kijana mshahara. Bibi Trowell hakushindana nao kwa maneno. Mwaka wa 1937 aliwaita wanafunzi wachache wa Makerere katika baraza ya nyumba yake, akaanza kuwafundisha. Hakuwapa picha za Ulaya waziige. Aliwasomea habari za Biblia, au hadithi, au aliwaeleza mambo ya vijiji vyao, kama alivyofanya mwalimu wake; nao wakachora yale waliyoyaona moyoni, yenye migomba yao, na ngoma zao, na watu wao.

Mwaka wa 1939 kazi za wanafunzi hao zilionyeshwa London, katika Imperial Institute, na watu wakaona kwamba maneno ya kale hayakuwa kweli. Baadaye darasa lile la barazani likawa shule kamili ya sanaa huko Makerere.

Miongoni mwa wanafunzi wake wa miaka ya 1940 alikuwako Gregory Maloba wa Kenya, ambaye sanamu yake ya Uhuru ya mwaka wa 1962 imesimama Kampala. Alikuwako pia Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, mlima Kilimanjaro, si mbali na Meru. Ntiro alichora mashamba na kazi na sherehe za watu wake, na mwaka wa 1960 jumba kubwa la sanaa la New York likaipata picha yake moja. Nchi ilipopata uhuru mwaka wa 1961, alitumwa London kuiwakilisha Tanganyika.

Lakini wako waliomlaumu Bibi Trowell. Walisema kwamba kwa kuogopa wanafunzi wasiige, aliwanyima kuziona picha za ulimwengu, na kwamba mtu hukua kwa kuona mengi. Lawama hiyo ina maana, kwa kuwa njia imfaayo mtoto wa miaka sita haimtoshi kijana wa miaka ishirini. Alipoiacha kazi mwaka wa 1958, mwalimu aliyemfuata aliwafundisha wanafunzi sanaa ya nchi nyingi. Hata hivyo, kama mlango usingalifunguliwa kwanza barazani, pasingalikuwako mtu wa kuingia.

Bibi Trowell alirudi Uingereza, akafariki mwaka wa 1985. Shule ya sanaa ya Makerere ikapewa jina lake.

Basi aonaye picha ya mdogo wake asiicheke, wala asimshike mkono amchoree. Amwulize ni habari gani, amsikilize mpaka mwisho. Naye aliye mkubwa, akiona picha yake haifanani, asiifute. Aende amtazame tena ng'ombe, kisha arudi aendelee.

MASWALI

1. Kwa nini mtoto wa miaka kumi na miwili mara nyingi huacha kuchora?
2. Bibi Richardson aliwafundishaje watoto wake?
3. Bibi Trowell alilaumiwa kwa neno gani? Je, lawama hiyo ni ya haki?