Agatha, binti aliyemkataa gavana

Bila shaka unamjua Agatha mmoja: shangazi yako, nyanya yako au labda rafiki mliyesoma naye. Lakini je, unajua jina hilo lilipata umaarufu vipi?

Twende pamoja hadi kisiwa cha Sicily, Italia, karne ya 3. Katika mji wa Catania, chini ya mlima wa volkano unaoitwa Etna, aliishi msichana Mkristo wa familia yenye mali. Agatha alikuwa ameamua kutoolewa maishani, awe wa Mungu pekee.

Shida ilianza gavana Mroma, Quintianus, alipomtupia jicho. Inasimuliwa kuwa jamaa alimezea mate urembo wake na pia utajiri wake. Agatha akakataa katakata.

Hapo ndipo gavana alipokumbuka sheria. Kaisari Decius alikuwa ameamuru watu wote watoe sadaka kwa miungu ya Roma, na Mkristo aliyekaidi aliadhibiwa. Unaona ujanja huo? Mwanamume aliyekataliwa sasa ndiye hakimu!

Kulingana na masimulizi ya kale, alimpeleka kwanza kwa Aphrodisia, mwenye danguro, akae huko mwezi mzima ili alegee. Wapi! Msichana hakutikisika. Basi akateswa, akakatwa matiti na kuviringishwa juu ya makaa ya moto. Alifia gerezani. Kanisa humkumbuka Februari 5, na mwaka unaotajwa ni 251.

Mwaka mmoja baadaye, Etna ililipuka. Wakazi wanasemekana kuchukua shela yake, wakaielekeza kwenye lava, nayo ikasimama. Hadi leo Agatha ndiye mtakatifu msimamizi wa Catania, na kila Februari 3 hadi 5 barabara za mji huo hufurika watu. Wagonjwa wa saratani ya matiti pia humwomba awaombee. Hata kwenye misa ya Kikatoliki hapa kwetu, jina lake limo katika mojawapo ya sala kuu za zamani.

Sasa mfikirie mdosi anayekuambia kazi ipo, ila mkutane kwanza hotelini usiku. Quintianus alikuwa na askari, jela na sheria mkononi. Leo, anayemtaja humtaja tu kwa sababu ya msichana aliyemkataa.