Bruce Lee: sura iliyokataliwa Hollywood, leo iko kwenye kuta za dunia

Kijana anayejifunza kuchora graffiti kwa kawaida huanza na jina lake mwenyewe. Akishazoea bombe ya rangi, anatafuta sura ya mtu anayemheshimu. Katika miji mingi ya dunia, hata hapa kwetu Congo, sura hiyo mara nyingi ni ya kijana wa Kichina asiye na shati, mwembamba, misuli imekaza kama kamba, macho yakimtazama anayepita barabarani. Mchoraji hana haja ya kuandika jina chini. Mikwaruzo ya damu kifuani na shavuni inatosha, au nunchaku chini ya kwapa, au ile nguo ya njano yenye mstari mweusi ubavuni. Mwenye bombe mbili tu, ya njano na nyeusi, anaweza kumchora Bruce Lee, na mtoto wa miaka saba akamtambua.

Ajabu ni kwamba mwenye sura hiyo aliambiwa kwa miaka mingi kwamba haiwezi kuuzwa. Wenye pesa za sinema walisifu mateke yake, wakamlipa awafundishe mastaa wao, lakini walipotafuta mtu wa kuweka mbele ya kamera walimtafuta mwingine. Sehemu hiyo ya maisha yake haichorwi ukutani.

Alizaliwa tarehe 27 Novemba 1940 huko San Francisco, Marekani, katika hospitali ya mtaa wa Wachina. Baba yake, Lee Hoi-chuen, alikuwa mwimbaji wa opera ya Kikantoni na alikuwa safarini na kundi lake. Jina la nyumbani lilikuwa Jun-fan. Jina la Bruce alipewa hospitalini. Mama yake, Grace Ho, alikuwa na damu ya Kizungu upande mmoja. Kabla hata ya kujua kutembea, mtoto huyo alikuwa ameonekana kwenye filamu, akibebwa mikononi.

Mwaka 1941 familia ilirudi Hong Kong, na mwezi Desemba Wajapani wakauteka mji. Miaka yake ya kwanza ya akili aliipitisha chini ya jeshi la kigeni, hadi 1945. Baada ya vita aliendelea na sinema, na alipofika miaka 18 alikuwa ameshacheza katika filamu karibu 20. Mashabiki wa Hong Kong walimwita Joka Mdogo, kwa sababu alizaliwa katika mwaka wa joka.

Lakini Joka Mdogo alipenda kupigana barabarani. Hong Kong ya miaka ya 1950 ilijaa wakimbizi, na vijana waligawanyika katika magenge. Akiwa kijana mdogo alipelekwa kwa mwalimu Ip Man kujifunza Wing Chun, kung fu ya kupigana karibu karibu, mikono ikifanya kazi kuliko miguu. Wanaosimulia maisha yake wanasema baadhi ya wanafunzi wenzake walikataa kufanya mazoezi naye walipojua kwamba mama yake si Mchina kamili. Alijifunza pia ngumi za Kizungu shuleni, na mwaka 1958 akawa bingwa wa Hong Kong wa kucheza cha-cha. Jambo la dansi wengi hulipita haraka, na mimi naona wanakosea. Tazama miguu yake katika filamu yoyote: namna anavyoruka-ruka kabla ya kupiga, namna anavyobadilisha mwendo ghafla. Hiyo haikutoka kwa Ip Man peke yake.

Mapigano yakazidi, polisi wakaanza kumjua, na wazazi wakaogopa. Mwezi Aprili 1959 walimpandisha meli kwenda Marekani, nchi aliyozaliwa, akiwa na dola 100.

Huko Seattle alifanya kazi katika mkahawa wa Ruby Chow, akilala katika nyumba hiyo hiyo. Alimaliza shule ya sekondari, akaingia Chuo Kikuu cha Washington mwaka 1961, akasoma mchezo wa kuigiza na falsafa. Na akaanza kufundisha kung fu. Mwanafunzi wake wa kwanza, Jesse Glover, alikuwa Mmarekani mweusi, mcheza judo, ambaye alipigwa na polisi akiwa bado mtoto na tangu hapo akatafuta namna ya kujilinda. Mwingine, Taky Kimura, alikuwa Mmarekani mwenye asili ya Kijapani, mmoja wa wale ambao serikali ya Marekani iliwafungia kambini wakati wa vita. Weusi, weupe, Wajapani: Bruce Lee aliwapokea wote katika miaka ambayo walimu wengi wa Kichina walikuwa wakifundisha Wachina wenzao tu. Kumbuka pia kwamba alikulia chini ya utawala wa Wajapani.

Mwaka 1964 alimwoa Linda Emery, mzungu aliyekuwa mwanafunzi wake. Familia ya Linda haikufurahia ndoa hiyo. Katika majimbo kadhaa ya Marekani wakati huo sheria ilikuwa bado inakataza ndoa ya watu wa rangi tofauti, na mahakama kuu ilizifuta sheria hizo mwaka 1967 tu.

Mwisho wa mwaka huo wa 1964, mjini Oakland, alipigana faraghani na mwalimu mwingine wa kung fu, Wong Jack Man. Linda alisimulia kwamba chanzo kilikuwa kuwafundisha watu wasio Wachina, Wong alikana. Hata nani alishinda bado kunabishaniwa. Linalojulikana ni kwamba Bruce Lee hakuridhika na nafsi yake. Pambano lilikuwa la dakika chache, lakini alichoka, na aliona kwamba mitindo aliyofundishwa ilimfunga. Akaanza kukimbia kila siku, kunyanyua vyuma, na kuchukua kila kitu kilichofaa popote kilipo: miguu kutoka mchezo wa upanga wa Ulaya, ngumi kutoka ndondi. Alizitazama filamu za Muhammad Ali tena na tena ili kujifunza mwendo wa miguu yake. Ni Ali huyo huyo aliyempiga George Foreman hapa Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974, lakini Bruce Lee hakuwa hai kuliona pambano hilo. Mwaka 1967 njia yake mpya aliipa jina: Jeet Kune Do.

Tukirudi kwenye sura yake, mwaka 1966 televisheni ya Marekani ilimpa nafasi katika mfululizo wa The Green Hornet. Aliigiza Kato, dereva na mtumishi wa shujaa mzungu. Kato alipigana vizuri kuliko bwana wake, aliongea kidogo, na alipotoka kupigana alivaa barakoa nyeusi machoni. Mfululizo ulikufa mwaka 1967. Kwa miaka iliyofuata aliishi kwa kufundisha mastaa kama Steve McQueen na James Coburn, na kupata sehemu ndogo ndogo katika filamu za wengine.

Mwaka 1970 alijiumiza mgongo akinyanyua chuma cha kilo 57 hivi. Madaktari walimwambia kwamba huenda hatapiga teke tena. Alilala miezi kadhaa, tayari akiwa baba wa watoto wawili, Brandon na Shannon. Linda alitafuta kazi ya jioni, kupokea simu. Bruce, kitandani, aliandika: madaftari kwa madaftari juu ya kupigana, kusawazisha mwili, kusoma nia ya adui. Baada ya kifo chake Linda aliyakusanya, na mwaka 1975 yakatoka kama kitabu. Hakufuata utabiri wa madaktari. Alirudi kwenye mazoezi, ingawa maumivu ya mgongo hayakumwacha.

Kisha Hollywood ikatengeneza mfululizo mpya, Kung Fu, habari za mtawa wa Shaolin anayezunguka Marekani. Bruce Lee alifikiriwa kwa nafasi hiyo. Aliyepewa ni David Carradine, mzungu ambaye hakujua kung fu. Mwezi Desemba 1971, mwandishi wa Kanada Pierre Berton alimhoji Hong Kong kuhusu jambo hilo. Ukiangalia mahojiano hayo leo, kinachoshangaza ni utulivu wake. Alieleza kwamba wenye pesa wanaogopa hasara, na kwamba yeye angekuwa Hong Kong na staa wa kigeni akaja, labda naye angeogopa hivyo hivyo.

Utulivu huo ulikuwa na sababu. Wakati huo alikuwa ameshakataliwa mlango mmoja na kuvunja mwingine. Kampuni ya Golden Harvest ya Raymond Chow ilimpa dola 15.000 kwa filamu mbili. Ya kwanza, The Big Boss, ilipigwa Thailand na kutoka mwaka 1971, ikavunja rekodi za mapato za Hong Kong. Ya pili, Fist of Fury, ya mwaka 1972, ikaipita. Ndani yake kuna tukio ambalo watu wa nchi zilizotawaliwa hawahitaji kuelezwa: kwenye lango la bustani ya Shanghai kumewekwa kibao kinachokataza mbwa na Wachina kuingia, na Bruce Lee anakirukia na kukivunja kwa teke hewani. Kwetu, ambako zamani za Wabelgiji mji wa Wazungu ulitengwa na cité ya Waafrika, teke hilo lilieleweka bila tafsiri. Wengi walioliona katika vyumba vya video hawakujua neno moja la Kichina wala la Kiingereza.

Mwaka huo huo aliandika, akaongoza na kuigiza Way of the Dragon, akipigana na Chuck Norris ndani ya Colosseum ya Roma. Hapo ndipo Hollywood ilipomfuata. Warner Bros. na Golden Harvest wakatengeneza pamoja Enter the Dragon, kwa bajeti ndogo, na safari hii jina lake likawa la kwanza. Ile mikwaruzo tunayoiona ukutani inatoka hapo: adui mwenye mkono wa makucha anamchana kifuani na shavuni, naye anaendelea kupigana katika chumba cha vioo.

Tarehe 10 Mei 1973, akirekodi sauti za filamu hiyo, alianguka na kutetemeka. Ubongo wake ulikuwa umevimba, madaktari wakamwokoa. Tarehe 20 Julai, akiwa kwa mwigizaji Betty Ting Pei mjini Hong Kong, alilalamika kichwa kinamuuma. Alipewa kidonge cha maumivu, akalala, hakuamka. Alikuwa na miaka 32. Uchunguzi ulikuta ubongo umevimba tena, na uamuzi rasmi ukawa kifo cha ajali. Maneno ya sumu, laana na magenge yalianza siku ile na hayajaisha. Mwaka 2022 madaktari wa figo waliandika kwamba huenda mwili wake ulishindwa kutoa maji aliyokunywa. Hiyo nayo ni dhana. Alizikwa Seattle, na kati ya waliobeba jeneza walikuwa McQueen na Coburn. Enter the Dragon ilitoka Marekani mwezi Agosti, mwezi mmoja baadaye, na dunia ikamjua marehemu.

Filamu aliyoiacha katikati, Game of Death, ndiyo ya ile nguo ya njano. Ilimaliziwa mwaka 1978 na watu waliofanana naye, wakafichwa kwa miwani myeusi. Mahali pamoja watengenezaji walibandika kwenye kioo picha ya uso wake iliyokatwa kutoka karatasi ngumu. Picha za mazishi yake halisi pia zilitumiwa. Kwangu mimi hiyo ni aibu. Uso uliokuwa haufai ukiwa hai ulibandikwa kama karatasi ulipokufa, mradi tiketi ziuzwe. Katika hadithi ya filamu hiyo, mwigizaji anapigwa risasi ya kweli wakati kamera zinafanya kazi. Mwanawe Brandon, naye mwigizaji, alifariki tarehe 31 Machi 1993 kwa bunduki iliyodhaniwa haina hatari, wakati wa kutengeneza The Crow. Amelala karibu na baba yake.

Wachoraji na wachongaji wamemtendea vizuri zaidi. Mji wa Mostar, Bosnia, uligawanywa na vita vya miaka ya 1990: Wakroati upande mmoja, Waislamu Wabosnia upande wa pili, na kila sanamu iliyosimamishwa ilikuwa ya shujaa wa upande mmoja na adui wa mwingine. Kikundi cha vijana kilitafuta mtu ambaye wote walimpenda walipokuwa watoto, kikampata Bruce Lee. Mchongaji Ivan Fijolić alimtengeneza kwa shaba, urefu wa mita 1,68. Hata hapo ugomvi ulitokea, kwa sababu amesimama tayari kupigana, na watu wakauliza anamkabili nani. Wakamgeuza atazame upande usiomhusu yeyote. Sanamu ilizinduliwa tarehe 26 Novemba 2005, siku moja kabla ya Hong Kong kuzindua ya kwake kando ya bahari. Haikuchukua muda ikaharibiwa, ikaondolewa kwa matengenezo, na mwaka 2013 ikarudishwa mahali pake.