Mwalimu Nyerere na Jina la Kazi

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Alisomea ualimu Makerere, akafundisha Tabora, na aliporudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 akafundisha Pugu. Mwaka 1954 alichaguliwa kuiongoza TANU. Mwaka uliofuata akaacha kazi ya darasani. Januari 1962 alijiuzulu uwaziri mkuu ili akijenge chama, akizunguka nchini kuwaelimisha wananchi juu ya maana ya uhuru. Hivyo mikutano ya chama ikawa darasa lake.

Katika TANU, na baadaye CCM, wanachama waliitana Ndugu. Lakini yeye, hata alipokuwa Rais, aliitwa Mwalimu. Aliacha urais mwaka 1985 na uenyekiti wa chama mwaka 1990. Alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, jina hilo alikuwa nalo bado.

Sisi tulio vyuoni tutaitwa Mwalimu tangu siku ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha, kabla hatujalistahili. Ni deni, hulipwa kwa maandalio ya kila somo. Tena mbele ya watoto tuitane hivyo, kwani amwitaye mwenzake kwa jina tupu huwafundisha wanafunzi kumdharau.