Karen Blixen na brashi aliyoirudia chini ya Vilima vya Ngong

Jina la Karen Blixen hutajwa zaidi kwa ajili ya vitabu. Mwandishi huyo wa Denmark aliishi Kenya kwa takriban miaka 17, akaandika juu ya shamba lake la kahawa, na maisha yake yakatengenezewa filamu iliyojinyakulia tuzo 7 za Oscar. Mtaa uliojengwa juu ya ardhi ya shamba hilo, pembezoni mwa Nairobi, unaitwa Karen hadi leo. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba hakuanza na kalamu. Katika ujana wake alikusudia kuwa mchoraji, akaacha, na ilipita miaka mingi kabla hajaishika tena brashi. Alipoirudia alikuwa Afrika, afya yake ikiwa imedhoofika na shamba likielekea kufilisika.

Alizaliwa tarehe 17 Aprili 1885 huko Rungstedlund, nyumba ya familia iliyo pwani ya kaskazini mwa Copenhagen. Baba yake, Wilhelm Dinesen, aliyekuwa mwanajeshi na mwandishi, alijiua mwaka 1895, binti huyo akiwa bado hajatimiza miaka 10. Tangu hapo alilelewa na mama yake na jamaa wa kike wa upande wa mama, watu wa maadili makali na maisha ya mpango.

Mwaka 1903 aliingia Chuo cha Kifalme cha Sanaa mjini Copenhagen. Chuo hicho kilikuwa kimeanza kupokea wanawake mwaka 1888, lakini kiliwafundisha katika kitengo chao, mbali na wanaume. Alijifunza kuchora kwa mkaa na kwa rangi, na miaka michache baadaye aliondoka bila kuhitimu. Mwaka 1907 alianza kuchapisha hadithi fupi kwa jina la kubuni, lakini hazikupata wasomaji wengi. Mwaka 1910 alikwenda Paris kusoma tena uchoraji, na safari hiyo nayo haikudumu. Kipaji kilikuwapo. Kilichokosekana ni sababu ya kuendelea.

Moyo wake ulikuwa kwa Hans von Blixen-Finecke, ambaye hakumpenda. Akachumbiwa na pacha wa Hans, Bror, na tarehe 14 Januari 1914 wakafunga ndoa Mombasa. Kwa fedha za jamaa zake Karen, walinunua shamba chini ya Vilima vya Ngong. Kabla mwaka haujaisha, Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimefika hadi Afrika Mashariki, naye Karen alikuwa ameambukizwa kaswende na mumewe. Mwaka 1915 alirejea Denmark kutibiwa. Ugonjwa huo, pamoja na dawa kali za enzi hizo, ulimwachia maumivu ya maisha.

Shamba lenyewe lilichaguliwa vibaya. Msomaji wa Rusizi, aliyezoea kuona mibuni ikistawi kwenye miteremko inayotazama Ziwa Kivu, anaweza kushangaa kwamba kahawa ilishindwa mahali pazuri kama Ngong. Lakini huko mvua haikutosha, na eneo lilikuwa juu mno, kiasi cha mita 1,800, kwa mibuni iliyopandwa. Mwaka 1921 kampuni ilimwondoa Bror katika uongozi na kumkabidhi Karen. Ndoa ilivunjwa rasmi mwaka 1925.

Ni katika miaka hiyo ya 1920, yenye upweke na hesabu zisizolingana, ambapo picha zake za Kiafrika zilichorwa. Hazikuwa nyingi. Kuna msichana wa Kikikuyu, kuna mzee wa Kikikuyu, na kuna Abdullahi, kijana Msomali wa jamaa ya Farah Aden, msimamizi wa nyumba yake. Wachoraji wengi wa Ulaya waliofika Afrika Mashariki, kama Mjerumani Wilhelm Kuhnert, walivutiwa zaidi na simba na tembo. Blixen alichora nyuso. Aliwachora watu aliowaona kila siku, mmoja mmoja na kwa karibu, na katika picha zilizo bora uso unabaki na siri yake. Mkono ni wa mtu aliyefunzwa kisha akakaa muda mrefu bila mazoezi: kuna mahali unasitasita. Jicho, hata hivyo, halisiti.

Hao aliowachora, hata hivyo, hawakuwa sawa naye. Wakikuyu wa shamba walikuwa maskwota: waliruhusiwa kulima vipande vya ardhi na kufuga, na badala yake walilazimika kumfanyia kazi mwenye shamba kwa siku maalumu kila mwaka. Wengi wao walikuwa wamezaliwa papo hapo, kabla Mzungu yeyote hajapata hati ya ardhi hiyo. Mtu wa namna hiyo akiambiwa akae atulie achorwe, ni vigumu kusema kwamba alikuwa na hiari kamili. Ngũgĩ wa Thiong'o alimshutumu Blixen vikali, akisema mapenzi yake kwa Waafrika yalifanana na mapenzi ya mtu kwa wanyama wake. Kwa vitabu vyake shutuma hiyo ina uzito mkubwa, kwani mara nyingi anawalinganisha wafanyakazi wake na wanyama wa porini. Katika picha ni vigumu zaidi kuithibitisha. Brashi ilimlazimisha kumtazama mtu mmoja kwa muda mrefu, na hapo mifano ya wanyama haikuwa na nafasi.

Shamba liliuzwa mwaka 1931 ili kugawanywa viwanja. Tarehe 14 Mei mwaka huo, mpenzi wake Denys Finch Hatton alikufa ndege yake ilipoanguka Voi, akazikwa katika Vilima vya Ngong. Miezi yake ya mwisho nchini Blixen aliitumia kuzunguka katika ofisi za serikali, akiomba maskwota wake wapewe ardhi mahali pamoja wasitawanyike. Walipewa sehemu ya msitu wa hifadhi wa Dagoretti.

Alirudi Rungstedlund akiwa na miaka 46, bila mali. Mtu angetarajia kwamba huko, akiwa na utulivu, angeendelea kuchora. Badala yake aliandika. Kitabu chake cha kwanza cha hadithi kilitoka mwaka 1934, na kile cha Kenya mwaka 1937. Mwaka 1950, katika insha kuhusu michoro yake minne ya mkaa, alieleza kwamba uchoraji ndio uliomfunulia sura halisi ya ulimwengu, na kwamba alitatizika kuiona nchi yoyote mpaka mchoraji mkubwa ampe ufunguo wake. Kurasa za kwanza za kitabu cha Kenya, zenye hewa, mwinuko na rangi zilizokauka kwa jua, zinasomeka kama kazi ya mtu aliyewahi kusimama mbele ya turubai.

Alifariki tarehe 7 Septemba 1962. Michoro yake ilikusanywa na kuchapishwa kitabuni Denmark mwaka 1969. Nyumba ya Ngong, ambayo Denmark iliikabidhi Kenya baada ya uhuru, ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986. Jina la Abdullahi limehifadhiwa pamoja na picha yake. Msichana wa Kikikuyu anatambulishwa kwa umri na kabila lake tu.

Kamante Gatura, aliyekuwa mpishi wa shamba tangu utotoni, aliishi kuliko bibi wake. Mwaka 1975, akiwa mzee, simulizi zake mwenyewe kuhusu miaka ile zilitoka kitabuni, na ndani yake mna michoro aliyoichora kwa mkono wake.